Mwenyeji, Mlowezi na Mtemi: Mvuto wa Kudumu wa Bunilizi za Kuhamia Sayari Nyingine

Jina Utemini, kata iliyomo katika Manispaa ya Singida, limeundwa kwa nomino utemi na kiambishi cha mahali -ni. Mamlaka ya watemi yalifutwa kisheria mwaka 1963, lakini jina limesalia. Maelezo yatolewayo mara kwa mara kuhusu neno mtemi hulihusisha na kitenzi kutema kwa maana ya kukata: ama kukata shauri, ama kufyeka pori. Kwa maelezo haya ya pili, mwenye haki ya kutawala ni yule aliyetangulia kufyeka. Dai hilohilo ndilo kiini cha bunilizi za kisayansi kuhusu kuhamia sayari nyingine, na ndilo linalozifanya zisichujuke: nani alitangulia, na je, pori lilikuwa tupu kweli?

The Martian Chronicles ya Ray Bradbury (1950) inajibu kwa ukali. Wenyeji wa Mirihi karibu wote wanaangamizwa na tetekuwanga iliyoletwa na wageni, kisha vilima na mifereji inapewa majina ya waliokuja. (Utemini mambo ni kinyume: mamlaka yamekwenda, jina likabaki.) Mwishoni baba anawaahidi wanawe kwamba watawaona watu wa Mirihi, naye anawaonyesha sura zao wenyewe majini.

Anayeifasiri kazi kama hiyo kwa Kiswahili hukwama mapema. Hao waendao kuanzisha makazi ni wahamiaji, walowezi au wakoloni? Mhamiaji hana hatia. Mkoloni amekwisha kuhukumiwa. Mlowezi, kutokana na kulowea, ndilo lifaalo zaidi, kwa kuwa linabeba pamoja maana ya kuzoea ugenini na kumbukumbu ya mashamba yaliyotwaliwa Kenya. Msomaji wa Kiswahili, basi, hawezi kuishangilia safari kabla ya kuulizwa ardhi ni ya nani.

Katama Mkangi aliupita mtego huo kwa njia nyingine katika Walenisi (1995). Dzombo haendi kufyeka. Amehukumiwa kifo, anarushwa angani ndani ya chombo ili aangamie, anakimudu, na kutua katika jamii ya usawa ambako yeye ndiye mwanafunzi. Hagawiwi milki wala hakibatizi chochote jina. Jina la riwaya, likitenganishwa, ni sentensi kamili: wale ni sisi. Liko karibu mno na zile sura za majini za Bradbury, ila Mkangi hakulazimika kuwaua wenyeji kwanza ili kulifikia.