Siku sita na udi Kibokoni

Ukimwambia kijana wa Mombasa leo kwamba unajifunza kinanda, papo hapo atafikiria sanduku la plastiki lenye funguo nyeupe na nyeusi, na waya unaokwenda ukutani kutafuta umeme. Babu yake, ikiwa alikuwa mtu wa Amu au wa Mvita, alikuwa akilisikia neno hilo hilo na kufikiria chombo kingine kabisa: gogo moja la mti lililochongwa na kufukuliwa ndani, tumbo limewambwa ngozi, kichwa kimepinda kama mundu. Hicho ndicho kibangala, ambacho wengine hukiita gabusi. Washairi wa zamani wa Lamu walitunga nyimbo za kinanda, na Muhamadi Kijumwa aliyefariki mwaka 1945, yule bingwa wa kunakili miswada na kuchonga mbao, alikuwa pia fundi wa kukipiga.

Neno limebaki, chombo kimehama. Jambo hilo ndilo lililonifanya nijiandikishe mwezi uliopita katika mafunzo ya siku 6 ya kupiga udi, ambao ni ndugu mkubwa wa kibangala. Mafunzo yalifanyika katika ghorofa ya juu ya nyumba moja mtaani Kibokoni, Mji wa Kale, kuanzia saa mbili za asubuhi hadi adhuhuri, kisha tena baada ya alasiri mpaka karibu na magharibi. Tulikuwa wanafunzi 9: fundi wa umeme kutoka Likoni, walimu wawili wa shule ya msingi, vijana watatu waliokwisha kulijua gita, mzee mmoja mstaafu wa bandarini, binti wa Kuze anayeimba katika harusi, na mimi. Vyombo vilikuwa 5 tu, kwa hiyo tulipokezana. Mwalimu wetu, mzee aliyekwisha kupita miaka 70, aliomba jina lake lisitiwe gazetini, nami nimemheshimu.

Kwa msomaji ambaye hajaushika, udi una nyuzi 11. Kumi zimepangwa mbili mbili, na ule wa 11, ulio mnene kuliko wote, hukaa peke yake. Mgongo wake ni mbavu nyembamba za mbao zilizogandishwa pamoja mpaka zikafanya umbo la papai lililopasuliwa katikati. Shingo yake ni fupi, na haina vile vituo vya chuma tunavyoviona katika gita, basi kidole kikiteleza kidogo tu, sauti inakwenda kombo na kila mtu chumbani anajua. Waarabu waliuita kwa jina lenye maana ya mti. Nasi huku neno ni moja na lile la udi wa kufukiza, hata Ijumaa, watu wa nyumba ya chini walipoweka chetezo, tukawa na udi wa aina mbili kwa wakati mmoja.

MANENO KWANZA

Siku ya kwanza hatukugusa uzi hata mmoja. Tulikalishwa mkekani, tukapewa shairi la mistari minne, tukaambiwa tulighani huku tukipiga makofi. Mizani nane, kina cha kati. Mizani nane, kina cha mwisho. Tena na tena, mpaka kahawa ilipoletwa na kashata zake. Siku ya pili asubuhi ikawa vivyo hivyo. Vijana wa gita walinuna waziwazi. Mmoja wao alitaka kujua ni lini tutaanza kazi.

“Wataka kukimbilia wapi?” mwalimu akamwuliza. “Wewe wajua kupiga nyuzi. Maneno yako wapi?”

Alichokuwa akikitafuta kilionekana alasiri ya siku ya pili, vyombo vilipotolewa. Kijana huyo, ambaye kwa kweli ana vidole vyepesi, alikuwa amejifunza makamu za Kiarabu kutoka video za kwenye simu: rasti, bayati, hijazi, zote alizitaja na kuzipiga. Mwalimu akamwomba amsindikize binti wa Kuze katika wimbo mmoja. Akapiga vizuri, lakini binti alikuwa kama mtu anayezungumza sokoni kando ya mnadi. Kila alipofika kwenye kina cha kati na kuvuta pumzi, udi ulikuwa umekwisha kumkata kalima. Mwalimu akauchukua udi ule ule, akapiga labda theluthi moja ya sauti alizopiga kijana. Alingoja kina kitue, ndipo akajibu, kwa ufupi, kisha akanyamaza. Wimbo ule ule ukawa na maana ambayo dakika tano nyuma hatukuisikia. Hakusema neno. Alimrudishia kijana chombo na kumwambia ajaribu tena.

Hapa, nadhani, ndipo ilipo siri ya taarabu ya Mombasa, na ndiyo sababu haifanani na ya jirani zetu. Huko Unguja, vikundi kama Akhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, vilikua vikawa na fidla nyingi, kanuni, na safu ya waitikiaji. Mwimbaji husimama mbele na wapigaji hukaa nyuma yake. Mombasa kikundi kilikuwa kidogo, kimeundwa kwa ajili ya harusi ya mtaani, na mara nyingi kiongozi wake aliimba na kupiga mwenyewe. Sheikh Mbaruk Talsam, aliyerekodi sahani za santuri enzi za ukoloni, alikuwa mtu wa udi. Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, alishika harmonia na kuzitia nyimbo zake mahadhi ya filamu za Kihindi. Zein l’Abdin, mzaliwa wa Lamu aliyefanya makao yake Mombasa na kufariki mwaka 2016, aliubeba udi mpaka ng’ambo; mwaka 1990 kampuni moja ya London ilitoa nyimbo zake kwa jina la Mtindo wa Mombasa. Ulimi na mkono vilikuwa vya mtu mmoja, kwa hiyo havikugombana.

Tena waimbaji hao hawakuwa mbali na washairi. Zein alifanya kazi na Sheikh Ahmed Nabhany, mwanachuoni wa lugha aliyefariki mwaka 2017, na Bhalo aliimba tungo za Ahmad Nassir, yule Malenga wa Mvita. Mpigaji aliyekaa barazani na mshairi hakuhitaji kufundishwa mizani mkekani.

Sisemi kwamba kila kigeni ni kibaya. Mji huu umekula na kusaga mengi. Taishokoto, ile ala yenye vidude kama vya taipureta ambayo katika nyimbo za Zuhura Swaleh inalia mpaka nywele zikusimame, ilibuniwa Japani mwaka 1912, na watu wa hapa wakaifanya yao kana kwamba ilitokea Makadara. Tofauti ni kwamba taishokoto ilikuja ikajifunza wimbo wetu. Kinanda cha umeme kimekuja na ngoma zake tayari tumboni. Unabonyeza kidude, nayo mapigo yanakwenda yenyewe, na mwimbaji ndiye anayeyafuata. Mwenye harusi hana lawama. Mtu mmoja na sanduku lake analipwa mara moja na kulishwa sahani moja ya biriani, ambapo zamani walikuwa watano au sita.

MKONO WA KULIA

Siku ya tatu na ya nne zilikuwa za mkono wa kulia. Udi haupigwi kwa kucha bali kwa risha, ambayo zamani ilikuwa unyoya hasa. Zetu mwalimu alizikata kwa mkasi kutoka chupa ya plastiki. Risha hushikwa kwa kufichwa ndani ya ngumi iliyolegea, na kazi yote ni ya kifundo cha mkono. Vidole vya kushoto vinauma siku mbili kisha vinazoea. Kifundo cha kulia hakizoei upesi. Mzee wetu wa bandarini, ambaye nilidhani angechoka mapema, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuyashika mapigo ya chakacha, kwa sababu alikuwa nayo mwilini tangu utotoni. Alichokuwa akikitafuta ni mahali pa kuyaweka tu.

Siku ya tano mwalimu alipanda ngazi na kitu kilichofungwa kanga. Kilikuwa kibangala. Ngozi yake imekauka na kuvutika, nyuzi mbili hazikuwapo, lakini alikilinganisha kwa subira karibu nusu saa nzima na kukipiga. Sauti yake si ya udi. Ni kavu na ya karibu, kama mtu anayekunong’oneza akiwa amekereka. Akatueleza kuwa chombo hiki kina jamaa kila mahali walikofika watu wa Yemen na Hadhramaut kwa majahazi: kambusi ya Yemen kwenyewe, gambus ya Malaysia na Indonesia, gabusi ya Ngazija. Sisi tunakiita kitu cha Waarabu, na wale wa Malaysia vivyo hivyo, na kila bandari imekichonga kwa mti wake. Nilimwuliza nani mjini anaweza kukichonga kingine. Akakifunga kanga yake, akasema tuendelee na somo.

Lile la wanawake lilizuka jioni hiyo hiyo. Mombasa imekuwa na waimbaji wa kike wenye sifa, Zuhura Swaleh na Malika wakiwa mbele, lakini nyuzi zilibaki mikononi mwa wanaume. Binti wa Kuze aliuliza kama kuna mwanamke apigaye udi. Mwalimu akamjibu kuwa wako, na wako Unguja, ambako kuna kundi la Tausi ambalo wapigaji wake ni wanawake watupu. “Basi hata hapa,” akasema binti, na hakuna aliyembishia. Siku ya mwisho, kila mmoja wetu alipotakiwa kupiga kitu kifupi, yeye peke yake aliimba na kupiga kwa pamoja. Mistari minne tu, tena polepole, na kwenye mstari wa tatu ilimbidi anyamaze atafute kidole chake. Lakini vina vilitua mahali pake. Kijana wa video alikuwa wa kwanza kupiga kofi.

Siku 6 ni chache. Hata waandalizi walikiri. Vyombo 5 kwa watu 9 ni vichache zaidi, na mtu anayetaka kuendelea hana budi kupata wake, kitu kisicho rahisi kwa mshahara wa ualimu. Nyuzi nazo zinaagizwa kutoka Ghuba kwa kila anayesafiri.

Hata hivyo mwalimu amefungua darasa la Jumamosi baada ya alasiri, katika chumba kile kile, bila malipo kwa anayekuja na shairi alilolihifadhi. Kati yetu 9, watano wamerudi. Kijana wa video yumo. Shairi lake la kwanza lilikuwa la mizani pungufu, akarudishwa kulirekebisha. Binti wa Kuze amenunua udi wa mtumba kwa malipo ya kidogo kidogo. Una nyuzi 8, na anamngoja mjomba wake arudi kutoka Muscat na zile 3 zilizobaki.