Ukoma: kwa nini dawa tatu, si moja?

Wako watu wanaomwona mgonjwa wa ukoma akipewa dawa za aina tatu, wakauliza: kwa nini asipewe moja iliyo kali, mambo yakaisha? Juma hili tunalijibu swali hilo.

Kuanzia miaka ya 1950 wagonjwa wa ukoma walitibiwa kwa tembe za dapsoni peke yake, kwa miaka mingi, na wengine maisha yao yote. Iliwafaa wengi. Lakini mwaka 1964, katika kituo cha Sungai Buloh nchini Malaysia, ilithibitishwa kwamba wapo wagonjwa ambao vijidudu vyao havikufa tena kwa dapsoni. Baadaye usugu huo ulionekana katika nchi nyingine nyingi.

Ilikuwaje? Mgonjwa aliyezidiwa ana vijidudu mamilioni kwa mamilioni mwilini. Miongoni mwao huwamo vichache ambavyo dapsoni haiviwezi. Dawa huua vile dhaifu. Vile sugu hubaki, vikazaana. Na kijidudu cha ukoma hakina haraka, kwani huchukua kama wiki mbili kugawanyika. Basi miaka hupita mgonjwa akijiona mzima, kumbe moto uko chini ya majivu.

Ndiyo sababu mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dawa zichanganywe. Leo ni tatu: dapsoni, rifampisini na klofazimini. Kijidudu kinachoponyoka moja huuawa na nyingine. Mwenye mabaka machache hutibiwa miezi 6, mwenye mengi miezi 12, na dawa ni za bure.

Lakini mchanganyiko huo hulinda ukimezwa hadi mwisho. Wapo wanaoacha mara mabaka yanapofifia. Wengine hushtuka wakiona mkojo umekuwa mwekundu kwa rifampisini, au ngozi imeingia weusi kwa klofazimini. Hiyo ni rangi ya dawa tu; hata ule weusi hufifia polepole matibabu yakiisha. Hatari yenyewe ni kuacha, maana usugu wa rifampisini, iliyo na nguvu kuliko zote tatu, nao umekwisha kuonekana katika baadhi ya nchi.

Kama nyumbani kwako yuko anayetibiwa, usimtenge. Muda mfupi baada ya kuanza dawa haambukizi tena. Anayefichwa chumbani kwa aibu ndiye anayekosa siku yake ya kliniki, na tembe alizozikosa ndizo zinazovipa vijidudu nafasi. Muulize leo: umekwisha kumeza?