Habari na Kumbukumbu: Shambulio la Liuli la Mwaka 1914 katika Ziwa Nyasa

Ikisiri

Makala hii inachunguza jinsi tukio dogo la kivita lililotokea katika mwambao wa Ruvuma lilivyopata umaarufu ng'ambo, ilhali maafa ya wapagazi yaliyofuata hayakupewa uzito uliostahili. Inadaiwa kwamba umaarufu wa habari hutegemea njia inayoipeleka na wasomaji inaowakusudia, wala si ukubwa wa tukio.

1.0 Tukio na Habari Zake

Liuli, ambayo kwa sasa imo katika Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga, Wajerumani waliiita Sphinxhafen kutokana na jabali linalofanana na sanamu maarufu ya Misri. Uingereza ilipoingia vitani tarehe 4 Agosti, 1914, habari ilifika Nyasaland kwa telegrafu. Kapteni Rhoades wa meli ya Guendolen akaamriwa kuikabili Hermann von Wissmann, meli ya Kijerumani. Tarehe 13 Agosti aliikuta Liuli, imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, akaipiga mzinga. Nahodha wake, Berndt, aliyekuwa rafiki wa Rhoades, hakujua kwamba vita vimeanza. Alichukuliwa mateka. Kwa hiyo, habari yenyewe ndiyo iliyokuwa silaha ya kwanza.

Magazeti ya London yaliutangaza ushindi huo wa majini wakati Wajerumani wakisonga mbele nchini Ubelgiji. Kisa kilikuwa na wahusika wawili, mahali pamoja na mwisho ulio wazi; kilisimulika kwa aya moja. Hadi leo hurudiwa kama kichekesho.

2.0 Yasiyotangazwa

Vita havikuishia hapo. Novemba 1917 jeshi la von Lettow-Vorbeck lilivuka Mto Ruvuma kwenda kusini, na mwaka 1918 likarejea kupitia nchi ya Songea, ambayo wazee wake walikwisha kuonja njaa iliyofuata Vita vya Maji Maji (1905-1907). Katika vita vyote vya Afrika Mashariki, wapagazi zaidi ya 90,000 wa upande wa Waingereza walikufa, wengi wao kwa maradhi na uchovu. Kifo cha mpagazi hakikuwa na tarehe wala nahodha. Kilitokea njiani, mbali na nyaya. Kiongozi, gazeti la Kiswahili lililochapishwa Tanga, lilikuwa limekoma mwaka 1916.

Hata hivyo, lugha ilihifadhi kile ambacho magazeti yalikiacha. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi ni matamshi ya Kiswahili ya jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi.

3.0 Hitimisho

Mtafiti anayetegemea magazeti peke yake ataiona meli na kuwakosa watu. Hana budi kuyalinganisha na majina ya mahali, na pia masimulizi ya Wanyasa na Wamatengo katika lugha zao. Kila mzee anayefariki kabla ya kuhojiwa hupunguza ushahidi ambao hakuna gazeti litakaloufidia.