Rangi ya Moshi Si Dalili ya Kuiva
Namna ya kulitawala joto la tanuri la umeme la kubanikia chakula

Wahenga walinena kwamba pafukapo moshi hapakosi moto. Msemo huo ni wa kweli kwa jiko la kuni, lakini kwa tanuri la moshi litumialo umeme hautoshi. Ndani ya tanuri hilo moshi waweza kufuka tele, kuku akapata rangi nzuri ya hudhurungi na harufu ya kutamanisha, ilhali nyama iliyoshikamana na mfupa ingali mbichi. Kuku wa namna hiyo akiandaliwa mezani, jamaa nzima yaweza kuugua tumbo, na wanaoumia zaidi ni watoto na wazee.

Kubanika kwa moshi si jambo geni katika nchi zilizolizunguka Ziwa Victoria. Sangara alipoletwa ziwani humo katika miaka ya 1950, na baadaye akazaana kwa wingi, ilionekana kwamba mafuta yake mengi hayamruhusu kukauka vema juani kama dagaa. Ikabidi abanikwe. Fundi wa kazi hiyo hulitawala joto kwa kusogeza kuni. Mwenye tanuri la umeme hana kuni za kusogeza. Anacho kidhibiti joto, tundu la hewa na mlango. Hivyo vitatu ndivyo anavyopaswa kuvijua.

JOTO LA TANURI NA JOTO LA NYAMA

Yafaa ikumbukwe kwamba namba iliyo kwenye kidhibiti ni ya hewa iliyomo tanurini, wala si ya nyama. Vijidudu vya maradhi huzaana upesi baina ya nyuzi 5 na 60 za Sentigredi, na nyama iliyowekwa katika moshi wa uvuguvugu hukaa humo kwa saa nyingi. Kwa sababu hiyo Wizara ya Kilimo ya Marekani, nchi ambayo matanuri haya yametapakaa majumbani, hushauri hewa ya tanuri iwe kati ya nyuzi 107 na 149. Matanuri mengi ya nyumbani hukomea nyuzi 135.

Kuiva kwenyewe hupimwa ndani ya nyama, kwa kipimajoto chenye ncha kali, kikichomwa mahali penye mnofu mwingi pasipo kugusa mfupa. Kuku na afikie nyuzi 74, nyama ya kusaga, 71, samaki, 63. Mapande ya ng'ombe au mbuzi nayo yafikie 63, kisha yaachwe dakika 3 kabla ya kukatwa.

Kipimajoto chenyewe hujaribiwa kwa maji yenye barafu nyingi, ambamo hakina budi kuonyesha sifuri. Anayekijaribu kwa maji yanayochemka asisahau mwinuko wa mahali alipo. Mombasa maji huchemka kwa nyuzi 100, lakini Kampala, mji ulio yapata mita 1,200 juu ya bahari, huchemka karibu na 96.

KILA CHAKULA NA WAKATI WAKE

Joto kubwa ni la lazima, ila lije kwa wakati wake. Samaki akitiwa ghafla katika joto kali, ngozi yake hukakamaa na kuyafungia maji ndani. Baada ya siku chache huanza kunuka. Na aanze kwa joto dogo, tundu la hewa likiwa wazi, hadi ngozi ikauke, ndipo joto lipandishwe.

Kuku ni kinyume chake. Akibanikwa kwa nyuzi 107, ngozi yake huwa kama mpira. Yeye hupendeza karibu na 135.

Pande kubwa la nyama lina kioja chake. Likifikia kati ya nyuzi 65 na 75, joto lake laweza kusimama kwa saa kadhaa, kwa kuwa unyevu unaotoka juu yake huipoza nyama kama jasho linavyoupoza mwili. Wapishi wengi hudhani tanuri limeharibika, wakafungua mlango kila mara na kuzidi kuchelewesha chakula. Dawa ni subira, au kulifunga pande hilo kwa karatasi ya alumini.

TANURI LISIPOPANDA JOTO

Kwanza, liwashwe tupu na kuachwa lipate moto kabla ya kutiwa chakula. Pili, nyama isirundikwe. Moshi na hewa vipate njia. Tatu, chombo cha maji kipunguzwe au kiachwe kitupu, maana maji yanayogeuka mvuke hula joto jingi.

Nne ni umeme. Nguvu ya koili hupungua kwa kasi kuliko volti zenyewe. Koili ya wati 1,500 iliyotengenezwa kwa volti 240, ikipata volti 200 tu, hutoa takriban wati 1,040. Hivyo jioni, nyumba zote za kambi zinapopika pamoja, tanuri laweza kushindwa kufika nyuzi 120 bila ya kuwa bovu. Waya mrefu na mwembamba wa kuunganishia huongeza upungufu huo, tena hupata moto na kuhatarisha nyumba. Na tanuri lililonunuliwa Marekani kwa ajili ya volti 120 lisichomekwe kamwe moja kwa moja katika umeme wa volti 240.

MOSHI NAO UNA KIASI

Kadiri joto linavyopanda ndivyo mabanzi ya kuni yanavyozidi kuwa karibu na kuwaka. Yatiwe machache machache, ya mti mgumu na mkavu kama mpera au mwembe. Msonobari una utomvu mwingi, na mbao zenye rangi zina sumu. Yakishika moto, mpishi na azime umeme ukutani na kuuacha mlango umefungwa, maana hewa mpya huchochea ndimi za moto. Mafuta ya nyama nayo yakingwe yasidondokee penye moto. Kamati ya kimataifa ya viwango vya chakula, Codex, ilitoa mwongozo mwaka 2009 juu ya kupunguza sumu zinazozaliwa na moshi na mafuta yaliyoungua, ambazo baadhi yake huleta saratani.

Tanuri liwekwe uani, mahali pakavu, kamwe si chumbani, kwani moshi hubeba hewa yenye sumu isiyoonekana wala kunuka.

Mwisho, isidhaniwe kwamba kilichobanikwa kwa joto kubwa kimekwisha hifadhiwa. Samaki aliyekaushwa hadi akawa mgumu hustahimili safari. Kuku laini wa tanurini hastahimili. Aliwe siku hiyo, au atiwe kwenye friji kabla ya saa 2 kupita. Askari anayeondoka kwenda lindo la siku 3 afungiwe chakula kingine.