Biashara ya wanyamapori Kilombero: mapato yako mbali, hasara iko Chita

Kusini mashariki mwa stesheni ya TAZARA ya Chita, mashamba ya mpunga yanateremka taratibu kuelekea tambarare ya mafuriko ya Mto Kilombero. Kaskazini magharibi umesimama mteremko mkali wa Udzungwa wenye msitu na maporomoko ya maji. Katikati wanaishi Wandamba, Wapogoro, Wabena, Wahehe na wafugaji waliohamia kutoka mikoa mingine. Kila mmoja anaitegemea ardhi hiyohiyo kwa kulima, kuvua au kuchunga. Serikali nayo inaitegemea kwa wanyamapori na maji.

Uhifadhi katika bonde hili ni sekta ya uchumi kamili, yenye mtaji, wateja, ada na gharama. Tatizo lake kubwa ni mgawanyo. Mapato yanaingia kwa dola kupitia ofisi zilizo mbali, na gharama inalipwa usiku, shambani, na mkulima wa ekari mbili au tatu.

Mtaji wenyewe

Mwaka 2002 Bonde la Kilombero liliandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa, likiwa na eneo la karibu kilomita za mraba 7,967. Wakati huo ilikadiriwa kwamba karibu robo tatu ya sheshe wote duniani wanaishi humu. Sheshe ni swala wa rangi ya kahawia ya dhahabu asiyekaa mbali na maji. Kiangazi husambaa kwenye majani mabichi kando ya mto. Masika, maji yakipanda, husukumwa hadi kingo za tambarare, na kingo hizo ndizo zimegeuka mashamba na malisho. Kwa hiyo ekari inayofyekwa pembeni ya bonde humnyima mnyama huyu mahali pa kukimbilia mafuriko, hata kama katikati ya bonde hakujaguswa. Idadi yake imeshuka sana tangu miaka ya 1990.

Mtaji wa pili ni maji. Mto Kilombero huchangia takriban asilimia 62 ya maji ya Mto Rufiji, ambako Taifa limejenga Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115. Majani yanayomlisha sheshe na misitu inayomficha mbega mwekundu wa Udzungwa ndiyo yanayoshikilia maji hayo yasiende yote kwa mkupuo wakati wa masika. Anayelinda bonde analinda pia umeme wa Dar es Salaam na Dodoma.

Kutoka pori tengefu hadi pori la akiba

Kwa miongo mingi Kilombero ilikuwa pori tengefu. Bwana nyama alidhibiti uwindaji, lakini watu waliruhusiwa kulima na kuchunga. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 ilibadili hali hiyo kwa kuzuia kilimo na malisho ndani ya mapori tengefu. Sheria hiyohiyo ilimtaka waziri ahakikishe ardhi ya vijiji haimo ndani ya mapori hayo. Katazo lilitangulia na upimaji ukachelewa, na hapo ndipo mgogoro ulipoota mizizi.

Wakati huohuo mifugo ilikuwa imeongezeka. Kuondolewa kwa wafugaji katika bonde la Usangu mwaka 2006 na 2007 kulisukuma ng'ombe wengi kwenda mabonde mengine, Kilombero likiwamo. Mwaka 2012 Serikali iliendesha operesheni kubwa ya kuondoa mifugo Kilombero. Mwaka 2023 sehemu kubwa ya pori tengefu ilipandishwa hadhi kuwa Pori la Akiba Kilombero, chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, TAWA, iliyoanza kazi mwaka 2016. Katika pori la akiba hakuna kuingia bila kibali.

Kitalu kinauzwaje

Bidhaa kuu ya TAWA ni kitalu cha uwindaji. Zamani vitalu viligawiwa na waziri kwa ushauri wa kamati. Tangu mwaka 2019 TAWA imekuwa ikivinadi kwa njia ya kielektroniki ili bei itokane na ushindani. Juu ya ada ya kitalu, mwindaji wa kitalii hulipia leseni, mnyama anayemwinda, uhifadhi, na vibali vya kusafirisha nyara. Kilombero wawindaji hao huja kwa ajili ya nyati, simba na hasa sheshe, kwa kuwa mahali pengine pa kumwinda nchini ni pachache mno.

Kwa vijiji vilivyotenga ardhi yao yapo maeneo ya jumuiya za hifadhi ya wanyamapori, yanayojulikana kwa kifupi cha WMA. Katika bonde hili ipo ILUMA, jina linalotokana na Ifakara, Lupiro na Mang'ula. Kanuni za jumuiya hizi zinataka angalau nusu ya mapato yake iende kwenye vijiji wanachama, na sehemu nyingine irudi kwenye ulinzi na uendeshaji. Kwenye karatasi, mpango huu ni mzuri. Ila mapato yake hutegemea mwekezaji aje na wanyama wawepo. Mwaka ambao kitalu hakina mteja, kijiji hakipati kitu na ardhi imeshafungwa.

Hesabu ya dungu

Tuangalie upande wa mkulima. Mpunga ukianza kuiva, familia huhamia shambani na kulala kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo. Mchana watoto huamia ndege. Usiku wakubwa hukesha na tochi na debe la kugonga, wakisikiliza kiboko akitoka mtoni au nguruwe akishuka kutoka msituni. Vijiji vinavyopakana na mapito ya tembo huning'iniza kamba zilizopakwa pilipili na oili chafu. Askari wa wanyamapori hufika na mabomu baridi wakipata gari na mafuta.

Mnyama akishinda, mkulima anaripoti kwa mtendaji wa kijiji, afisa wanyamapori wa wilaya anakuja kupima, na faili linapanda hadi wizarani. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta jasho cha kati ya Sh25,000 na Sh100,000 kwa ekari kulingana na umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi, kwa ekari zisizozidi tano. Kifuta machozi kwa familia ya aliyeuawa kilikuwa Sh1,000,000. Tuseme ekari moja ingetoa magunia 10 na kila gunia liuzwe Sh80,000. Mkulima amepoteza Sh800,000. Kwa viwango hivyo, hata akilipwa cha juu kabisa, amerudishiwa moja ya nane ya mali yake, tena baada ya kusubiri.

Hapo ndipo hoja ya kiuchumi inapojibu swali la kwa nini watu hulima na kuchunga ndani ya pori, swali ambalo wengi hulifanya la maadili tu. Mpunga hulipa msimu huohuo. Ng'ombe huuzwa siku ya mnada. Sheshe hulipa polepole, na humlipa mtu mwingine. Mwananchi anayehesabu hivyo hajakosea hesabu.

Somo la Kihansi

Jirani kabisa na Chita kuna ushahidi wa gharama ya kuchelewa kuhifadhi. Mtambo wa umeme wa Kihansi wa megawati 180 ulipoanza kuchukua maji ya mto, manyunyu ya maporomoko yalipungua katika korongo ambamo chura mdogo, aliyetambuliwa na wanasayansi miaka michache tu kabla, alikuwa akiishi peke yake duniani. Mwaka 2000 chura 499 walipelekwa Marekani kuzalishwa. Mwaka 2009 alitangazwa kutoweka porini. Kuanzia 2012 walirudishwa korongoni, ambako mitambo ya kunyunyizia maji imewekwa kuchukua nafasi ya manyunyu hayo. Kumrudisha chura huyo kumehitaji maabara, ndege na miaka ya kazi ya wataalamu. Kumwachia maji mapema kungekuwa nafuu zaidi, na sheshe hana maabara inayomsubiri.

Kinachopasa kufanyika

Pori la Akiba Kilombero linahitaji mipaka inayoonekana kwa macho, kwa vigingi vilivyokubaliwa na serikali za vijiji, ili mkulima ajue anaishia wapi na askari ajue anaanzia wapi. Linahitaji mapito ya wanyama kati ya Udzungwa na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere yaokolewe. Kazi iliyofanywa na vijiji vya Mang'ula na Kanyenja kufungua njia ya tembo inaonesha kwamba wananchi hukubali kutoa ardhi wakishirikishwa na kufidiwa.

Zaidi ya yote, linahitaji hesabu za wazi. TAWA na halmashauri za Mlimba, Ifakara na Ulanga zibandike kwenye ofisi ya kila kijiji kinachopakana na pori fedha zilizopatikana msimu uliopita, kiasi kilichorudi kijijini na jinsi kilivyotumika. Kifuta jasho kilipwe kabla ya msimu mwingine wa kupanda, kutoka katika mapato ya vitalu vya bonde hilihili. Mkulima wa Chita akiona shilingi ya sheshe ikimfikia, atamlinda mwenyewe. Asipoiona, hakuna idadi ya askari itakayotosha kulinda bonde hili.