Mtoto Ambaye Hakuna Aliyempendekeza

Marekani haina sheria ya taifa inayozilazimisha shule kutafuta watoto wenye vipaji maalumu. Kila jimbo hujipangia utaratibu, na kazi yenyewe huangukia wilaya ya elimu. Desturi iliyozoeleka ni kwamba mwalimu au mzazi humpendekeza mtoto, kisha mwanasaikolojia humpima akili. Mabishano mengi huhusu kipimo hicho: ni cha haki? Alama za kufuzu ziwe ngapi? Mimi naona dhuluma kubwa zaidi hutendeka kabla ya hapo, maana mtoto asiyependekezwa hapimwi, na asiyepimwa hana hata alama za kukatia rufaa.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote ninaoujua unatoka Kaunti ya Broward, Florida, mojawapo ya wilaya kubwa za elimu nchini humo. Kiwango cha kufuzu kilikuwa alama 130. Kwa kuwa kipimo cha akili hupangwa ili wastani uwe 100, wanaofika 130 ni kama wawili tu katika kila mia. Watoto wa familia zenye kipato cha chini, na wale ambao bado wanajifunza Kiingereza, waliwekewa 116. Hata hivyo, watoto maskini, watoto weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini waliendelea kuwa wachache mno katika madarasa ya wenye vipaji. Kiwango kilishushwa, lakini wao hawakuitwa kupimwa. Wazazi wenye fedha, kwa upande wao, waliweza kumlipa mwanasaikolojia binafsi.

Mwaka 2005 Broward ikaanza kuwapima watoto wote wa darasa la pili. Ilitumia mtihani wa Naglieri, ambao hautegemei maneno: mtoto huoneshwa mchoro uliokosa kipande, akang'amua mpangilio wake, kisha akachagua kipande kinachofaa. Mtoto aliyehamia Marekani majuzi, mathalani Mkongo ambaye nyumbani kwao wanazungumza Kiswahili, hawezi kuangushwa na Kiingereza katika mtihani kama huo. Waliofanya vizuri walipelekwa kwa mwanasaikolojia wa wilaya kwa kipimo kamili.

Wachumi David Card, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, na Laura Giuliano walichunguza yaliyofuata na kuchapisha matokeo mwaka 2016. Viwango vya kufuzu havikuguswa, lakini watoto maskini, weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini waliofuzu waliongezeka sana. Ilibainika kwamba hata wasichana walikuwa wakipendekezwa pungufu ya stahili yao. Watoto hao walikuwa darasani siku zote, mbele ya macho ya walimu wao.

Sidhani kwamba walimu hao walikuwa na nia mbaya. Mwalimu mwenye darasa lililojaa huvutiwa kwanza na mtoto msemaji, anayesoma kwa ufasaha, ambaye mzazi wake huja shuleni kuulizia maendeleo yake. Anayetafuta maneno katika lugha ngeni huonekana mzito, hata kama hesabu ameshaimaliza kichwani. Ndiyo maana uamuzi wa nani apimwe usiachiwe jicho la mtu mmoja.

Kupima wote kuna gharama, hasa mishahara ya wanasaikolojia. Uchumi ulipoyumba na bajeti kubanwa, Broward ilisimamisha mpango huo, na pengo likarudi.