Nairobi hadi Kampala: Panga Safari Ukianzia Busia

Likizo ikikaribia, wenye ndugu Kampala na gari Nairobi huanza kuhesabu kilomita. Ni kama 650, na wengi huona zinamalizika kwa siku moja. Zinamalizika, ila kwa gharama ya kuingia Kampala usiku, dereva amechoka na watoto wanalia. Safari hii hupangwa kuanzia mpakani: amua kwanza utavukia wapi na saa ngapi, ndipo uhesabu kurudi nyuma mpaka saa ya kutoka nyumbani.

Kutoka Nairobi njia ni moja mpaka Mau Summit. Mteremko wa Salgaa, uliokwisha kuua watu wengi mno, upite kweupe. Baada ya hapo ukinyoosha Eldoret na Bungoma utafika Malaba, jirani na Tororo. Huko ndiko malori ya mizigo kutoka Mombasa hupitia kwa wingi. Januari 2022, madereva wa malori walipogomea masharti ya vipimo vya korona, foleni ilijikunja kilomita nyingi na petroli ikaadimika Uganda.

Mwenye gari dogo na familia ningemwambia akate kushoto kuelekea Kericho. Chakula cha mchana ni samaki wa Kisumu, kisha Maseno, mnapovuka ikweta, halafu Luanda, Yala, Ugunja, Bumala na Busia.

Busia ndipo pa kuwa makini. Tangu kituo cha pamoja kizinduliwe rasmi na Marais Kenyatta na Museveni Februari 2018, anayekwenda Uganda hasimami upande wa Kenya kugonga muhuri. Anapita moja kwa moja hadi upande wa Uganda, ambako maofisa wa uhamiaji na forodha wa nchi zote mbili wanamsubiri chini ya paa moja. Wageni wengi hawalijui hilo. Husimama mapema, na hapo ndipo vijana wa kujitolea “kusaidia” huwazingira. Usimpe mtu stakabadhi zako nje ya ofisi.

Mkenya na Mganda huvuka kwa kitambulisho cha taifa tangu 2014, lakini pasipoti hupunguza maswali. Gari nalo lina makaratasi yake: hati ya umiliki, barua ya mwenyewe kama si lako, barua ya benki kama bado unalilipia mkopo, na kibali cha muda kinachotolewa na forodha ya Uganda. Kuna kadi mbili za manjano, na zote zinahitajika: ya COMESA ni bima ya gari, ya homa ya manjano ni chanjo ya mtu. Ya COMESA ichukue kwa kampuni yako ya bima kabla ya kuondoka, usiisubiri hadi dirishani.

Mpaka wenyewe si wa kale. Hadi 1902 Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulifika Naivasha. Waingereza waliusogeza kwa kalamu, na Wasamia na Wateso wakajikuta na jamaa pande zote mbili. Ndiyo maana sokoni Busia shilingi zote mbili zinapokelewa bila mtu kushangaa.

Ukimaliza Busia saa kumi jioni, tafadhali usikaze mwendo. Geukia Tororo ulale. Mwamba wa Tororo utauona kabla hujaufikia mji. Barabara ya Iganga usiku imejaa matrela, mengine yameegeshwa bila taa, na hakuna shangazi anayestahili kuwahiwa kwa hatari hiyo. Asubuhi pitia Bugiri na Iganga mpaka Jinja, uvuke Nili kwa daraja jipya la mita 525 lililofunguliwa Oktoba 2018. Baada ya msitu wa Mabira, nunua kuku wa kuchoma na gonja, yaani ndizi za kuchoma, pale Namawojjolo, kwa sababu kutoka Mukono kuingia Kampala foleni inaweza kula saa mbili nzima.